Pandisha antena kwanza, wati baadaye



Katika mikutano yetu kando ya ziwa, kuanzia Lweba mpaka Baraka, swali moja linarudi kila mara: “Tuko na makuta kidogo ya kununua redio za kuongea. Tuchukue ile yenye nguvu zaidi?”

Swali hili liko na uzito. Mkulima anateremsha mihogo kutoka mlimani bila kujua kama mnunuzi amefika sokoni. Akimkosa, anauza kwa bei ya hasara ama analala na mzigo. Boti inabeba mchele na mawese jioni, upepo unaanza kuvuma, na watu wa pwani hawana namna ya kuiambia irudi. Telefoni inasaidia pale rezo inapofika, lakini wote tunajua kuna mabonde na sehemu za ziwa ambapo haifiki. Ndiyo maana kooperative nyingi zinafikiria redio.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: kabla ya kulipia wati, tuhesabu meta. Pahali antena inaposimama, na urefu wake, mara nyingi vinaleta faida kubwa kuliko nguvu ya redio yenyewe. Tena meta za kwanza ndizo zinaleta faida zaidi na ndizo za bei nafuu. Tueleze sasa kwa nini, na hesabu yenyewe kila mtu anaweza kuifanya kwa kidole kwenye mchanga.

Mawimbi yanapita namna gani

Redio za mkononi, zile ambazo hapa kwetu wote tunaziita motorola hata kama zimetoka kiwanda kingine, zinatumia mawimbi mafupi. Redio za FM tunazosikiliza nyumbani vilevile: ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi ya aina hii yanapita karibu sawa na mwangaza wa toshi. Yanakwenda moja kwa moja. Yakikuta mlima mkubwa, yanasimama hapo, na nyuma ya mlima kunabaki kivuli.

Lakini hata pale ambapo hakuna mlima, kama juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, mawimbi yana mwisho. Sababu ni kwamba dunia ni mviringo. Nenda pwani ya Lweba usiku ambao hakuna mwezi, wakati wavuvi wa ndagala wamewasha taa zao. Kaa chini kwenye mchanga, uhesabu taa unazoziona. Halafu panda kwenye kilima nyuma ya kijiji, uhesabu tena. Utaona taa nyingine za mbali, ambazo pale chini zilikuwa zimefichwa. Taa hazikuongezewa mafuta wala betri. Ni jicho lako limepanda, na sasa linaangalia juu ya ule mgongo wa maji.

Mchana, boti inayokwenda mbali inaonyesha jambo lilelile. Kwanza tumbo la boti linapotea, halafu watu, mwisho unabaki kuona ncha ya mti wake au tanga. Maji yenyewe yamejikunja katikati yenu.

Antena ni jicho la redio. Antena iliyo chini inaona karibu, antena iliyo juu inaona mbali.

Hesabu ya kufanya kwenye mchanga

Iko kanuni rahisi. Chukua urefu wa antena kwa meta. Jiulize: ni namba gani ikijizidisha yenyewe inatoa urefu huo? Namba hiyo uizidishe kwa 4. Jibu ni kilomita ambazo antena inaweza kuona juu ya maji au ardhi tambarare, mpaka dunia inapojikunja. Wataalamu wanatumia 4.12, lakini kwa sisi 4 inatosha.

Tuone mifano:

Antena ya meta 1: moja mara moja ni moja. Moja mara 4 ni kilomita 4.

Antena ya meta 4: mbili mara mbili ni nne. Mbili mara 4 ni kilomita 8.

Antena ya meta 9: tatu mara tatu ni tisa. Tatu mara 4 ni kilomita 12.

Antena ya meta 16: nne mara nne ni kumi na sita. Kilomita 16.

Antena ya meta 25: kilomita 20.

Antena kwenye kilima cha meta 100 juu ya ziwa: kilomita 40.

Antena kwenye mlima wa meta 400 juu ya ziwa: kilomita 80.

Angalieni vizuri namba hizi. Kutoka meta 1 mpaka meta 4 umeongeza meta 3 tu, na umbali umeongezeka mara mbili. Lakini ukiwa tayari kwenye meta 16 na unataka kuongeza mara mbili tena, lazima ufike meta 64. Ni mnara mkubwa sana, na kooperative ya kijiji haiwezi kuujenga. Kwa hiyo meta za kwanza zinalipa sana, na meta za juu zinalipa kidogo kidogo, huku bei inapanda.

Watu wa ziwa wanaweza kuuliza: “Kwani redio inaona sawa na jicho?” Inaona mbele kidogo. Hewa inakunja mawimbi ya redio kidogo kufuata mgongo wa dunia. Jicho lililo meta 4 juu linaona maji mpaka karibu kilomita 7; antena ya urefu uleule inafika kilomita 8 na zaidi kidogo.

Swali lingine: “Lweba tayari iko juu, ziwa lenyewe liko karibu meta 770 juu ya bahari. Urefu huo hauhesabiwi?” Hapana. Tunahesabu urefu juu ya maji au ardhi iliyo kati ya watu wawili wanaoongea. Kama wote mko kando ya ziwa, ziwa ndilo sakafu yenu. Hesabu inaanzia hapo.

Kuongea ni kwa watu wawili

Hapa ndipo makuta mengi yanapotea. Watu wanajenga antena nzuri kwenye ofisi, halafu wanasahau upande wa pili. Mazungumzo yako na ncha mbili, na umbali unapatikana kwa kujumlisha zote mbili.

Tuchukue mfano. Tuseme kooperative moja ya Lweba inasimamisha antena ya meta 16 karibu na depo, pale chini pwani. Antena hiyo peke yake inaona kilomita 16. Ndani ya boti, mpiga kasia amekaa na motorola mkononi, karibu meta 1 juu ya maji. Yeye anaona kilomita 4. Jumla: kilomita 20.

Sasa kooperative inataka kufika kilomita 24. Ziko njia mbili. Ya kwanza, kupandisha mlingoti wa depo kutoka meta 16 mpaka meta 25. Ni meta 9 za chuma zaidi, pamoja na nyaya za kushikilia, simenti na fundi wa kupanda. Njia ya pili, kuweka antena ya boti juu ya mwanzi, meta 4 kutoka maji. Boti sasa inaona kilomita 8 badala ya 4. Jumla ni ileile: kilomita 24.

Mwanzi wa meta 3 ndani ya boti umefanya kazi sawa na meta 9 za chuma pale depo. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuteni kwanza nani yuko chini kuliko wote, na mumpandishe yeye. Kama haiwezekani kufunga mwanzi, hata kusimama pahali palipoinuka kunasaidia. Lakini ndani ya boti mtu asisimame wakati wa mawimbi. Maisha yake ni ya maana kuliko kilomita mbili.

Na wati je?

Hatusemi kwamba nguvu haina kazi. Motorola ya kawaida iko na wati 4 au 5, redio ya kuweka mezani au ndani ya gari inaweza kuwa na 25 au 50. Nguvu inasaidia sauti isikike safi ndani ya eneo ambalo antena zinaonana. Inasaidia pia kupita majani na miti.

Lakini nguvu haiinamishi mgongo wa dunia, wala haitoboi mlima. Mtu akipiga kelele nyuma ya ukuta mnene, hata akiongeza sauti mara mbili, wewe wa upande wa pili unasikia kidogo tu.

Hata kwenye tambarare, hesabu ya nguvu ni ngumu. Antena zikiwa chini karibu na ardhi, wimbi moja linakwenda moja kwa moja na lingine linagonga ardhi na kurudi juu, na yale mawili yanapunguzana. Katika hali hiyo, ukiongeza nguvu mara mbili, umbali unaongezeka karibu sehemu moja ya tano tu. Aliyekuwa anafika kilomita 10 atafika karibu 12. Lakini ukipandisha antena moja mara mbili, faida yake ni sawa na kuongeza nguvu mara nne. Na antena iliyo juu haili betri. Wati zinakula betri kila siku, na mwenye betri ndogo ya jua anajua namna inavyouma.

Mlima ni ukuta, tena ni ngazi

Sisi wa Fizi tuko na ziwa mbele na milima ya Mitumba nyuma. Mlima unaweza kutuzuia au kutubeba, kufuatana na pahali tunaposimama.

Mtu aliye chini kwenye bonde nyuma ya mlima hasikii depo ya pwani, hata kama kwa miguu ni mwendo wa saa moja. Lakini mvuvi aliye mbali sana ziwani anaisikia vizuri, kwa kuwa katikati yao ni maji matupu. Watu wengine wanafikiri redio imeharibika. Haikuharibika, ni mlima umesimama katikati. Ndugu zetu wa Baraka wanaona jambo hilo upande wa mashariki: rasi ya Ubwari imesimama ng'ambo ya ghuba ya Burton na vilima vyake, na aliye chini nyuma ya vilima hivyo yuko kwenye kivuli.

Sasa tuupande huo mlima. Nyumba au shamba la mwanachama lililo kwenye kilima cha meta 100 juu ya ziwa tayari linatoa kilomita 40, na antena yenyewe inaweza kuwa kwenye mwanzi mfupi tu, kupita paa. Hakuna kooperative ya kijiji inayoweza kujenga mnara wa meta 100. Mungu amekwisha kuujenga, bila simenti. Ziwa Tanganyika, pahali papana zaidi, ni karibu kilomita 72. Antena iliyo meta 400 juu ya maji inaona mpaka kilomita 80. Ndiyo maana redio za FM na kampuni za telefoni zinapenda kupeleka minara yao milimani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkutano liwe: “Nani kati yetu anaishi juu?” Swali la “tununue redio gani?” lifuate nyuma.

Kuona tu hakutoshi

Hizi kilomita zetu ni mpaka wa mwisho kabisa. Karibu na mpaka huo sauti inakuwa dhaifu. Wimbi la redio haliendi kama uzi mwembamba. Linahitaji nafasi wazi kuzunguka njia yake, na nafasi hiyo ni pana zaidi katikati ya safari. Kwa motorola mbili zinazoachana kilomita 10, inafaa katikati kuwe na nafasi wazi ya meta 40 hivi juu ya ardhi au juu ya miti. Njia ikigusa tu mgongo wa kilima, macho yanaweza kuonana lakini sauti inakatika-katika. Migazi na mikaratusi yenye majani mengi nayo inakula sauti, zaidi wakati imelowana na mvua.

Kwa sababu hiyo, tunashauri mpunguze: hesabu ikitoa kilomita 20, pangeni kazi yenu kwa 14 au 15. Zinazobaki zichukueni kama akiba.

Kama hamuonani, tafuteni wa tatu

Mara nyingi depo ya pwani na kikundi cha bondeni hawaonani kabisa. Lakini wote wawili wanaona mlima mmoja. Hapo iko dawa mbili.

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa: mwanachama mmoja wa juu anakuwa msemaji wa katikati. Kwa saa zilizopangwa, mfano saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, anapokea habari kutoka bonde na kuipeleka pwani, halafu anarudisha jibu. Motorola tatu na nidhamu ya saa vinatosha.

Dawa ya pili ni mtambo wa kurudisha sauti, ule mafundi wanaouita rele. Unawekwa juu ya mlima, unapokea sauti kwenye mkondo mmoja na kuirusha papo hapo kwenye mkondo mwingine. Watu wote wanaouona mlima wanasikilizana, hata kama wao kwa wao hawaonani. Lakini rele inahitaji betri, nguvu ya jua, mlinzi, na ruhusa. Kooperative moja peke yake itaumia. Zikiungana tano au sita, tuanze kuongea.

Telefoni inafuata sheria hizi pia. Kila kijiji kiko na ule mti au lile jiwe ambapo watu wanapanda kutafuta rezo. Pale juu unaona mnara ambao pale chini umefichwa. Ila telefoni iko na mpaka mwingine: rezo ya zamani ya 2G imepangwa kwa kawaida mpaka kilomita 35 hivi kutoka kwenye mnara, kwa sababu ya muda ambao sauti inachukua kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtu aliye katikati ya ziwa asitegemee telefoni peke yake, hata kama hakuna kitu kinachomfichia mnara.

Mbona foni inafika Bukavu?

Wazee watatupinga: “Foni ya kituo cha afya ilikuwa na waya tu kati ya miti miwili, na bado iliongea na Bukavu, nyuma ya milima yote hii.” Ni kweli, na haivunji maneno yetu.

Foni inatumia mawimbi marefu zaidi. Hayo yanapanda angani, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme lililo kilomita 100 mpaka 300 na zaidi juu yetu, halafu yanarudi chini mbali. Mlima hauyazuii kwa kuwa yanaruka juu yake. Ndiyo njia iliyoleta redio za mbali kwa wazee wetu: BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka wa 1957 na Ujerumani ikafuata mwaka wa 1963, na watu wa vijijini waliyapata kwa redio ndogo na kipande cha waya.

Kwa foni, urefu wa mlingoti hauna kazi ileile. Waya ulio meta chache juu ya ardhi unarusha sauti angani, na hiyo inafaa kwa kuongea na watu wa mkoa huuhuu. Lakini foni iko na taabu zake: tabaka lile linabadilika mchana na usiku, kwa hiyo mchana unatumia mkondo wa juu na usiku mkondo wa chini, na kelele ni nyingi. Waya wake ni mrefu, hauwezi kuubeba mkononi ukitembea. Kwa hiyo mjue kwanza mnataka nini. Kuongea na Bukavu ni kazi ya foni. Kuongea na boti, shamba na soko ni kazi ya motorola na antena iliyo juu.

Makosa madogo yanayokula sauti

Waya unaotoka kwenye redio kwenda antena. Ule mwembamba, wa bei rahisi, unakula sauti njiani. Kwa motorola, meta 15 za waya mwembamba zinaweza kula karibu nusu ya nguvu. Mkinunua redio ya wati 50 na waya mbaya, nusu ya makuta inapotelea ndani ya waya. Nunueni waya mnene, na msiache urefu usio na kazi.

Maji ya mvua. Yakiingia pale waya unapoungana na antena, sauti inazimika pole pole. Fungeni vizuri kwa mpira, na muangalie mwanzo wa kila masika.

Kushika redio. Motorola ishikwe wima, antena ikiangalia juu, mbali kidogo na kichwa. Ikilazwa wakati ya mwenzako imesimama, mnapoteza sauti nyingi. Usiongee ikiwa mfukoni ama kiunoni, mwili wako unakunywa mawimbi.

Mabati. Ndani ya nyumba ya mabati sauti inafungwa. Toka nje, ama weka antena juu ya paa.

Usalama na ruhusa

Mlingoti mrefu unaita radi, na Fizi tuko na radi nyingi. Ufungwe waya mnene wa shaba kutoka juu mpaka kwenye chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Mvua ya radi ikikaribia, toeni waya kwenye redio na musiushike. Mlingoti ushikiliwe na nyaya pande tatu au nne, mbali na nyaya za umeme na pahali watoto wanapochezea. Anayepanda afungwe kamba.

Halafu ruhusa. Katika nchi yetu mawasiliano ya redio yanasimamiwa na ARPTC, na mikondo haichukuliwi ovyo. Kabla ya kuwasha, andikeni kwa mamlaka, na muwape habari chefu wa kijiji, wakubwa wa teritwari, polisi na jeshi. Tunasema hili kwa nguvu: pahali ambapo kuna vikundi vya silaha, mtu anayekutwa njiani na motorola bila karatasi anaweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Kila mwenye redio atembee na barua ya kooperative yenye muhuri na nakala ya ruhusa. Kama hali ya usalama ni mbaya, redio ibaki depo.

Tena mkumbuke kwamba motorola ni kama kuongea sokoni: kila mwenye redio anaweza kusikia. Msitaje kiasi cha makuta, jina la anayeyabeba, wala saa anayopita. Semeni bei, mzigo, upepo, na nani anahitaji msaada.

Kazi ya kufanya kabla ya kununua

Katika mkutano ujao, chukueni daftari na muandike mambo haya matano.

Moja: nani anahitaji kuongea na nani? Depo na boti? Mlima na soko?

Mbili: kila mmoja yuko meta ngapi juu ya ziwa? Kadirieni tu, haina lazima iwe kamili.

Tatu: fanyeni hesabu ya kila ncha, mjumlishe, halafu mpunguze robo ya akiba.

Nne: mwende kuona kwa macho. Mchana wa jua, mtu mmoja asimame pahali pa antena na kioo, mwingine aangalie kutoka upande wa pili kama anaona mng'ao. Watu wa kijiji na wakubwa wa usalama wapewe habari mbele. Usiku msitumie toshi kwa jaribio hili, inaweza kueleweka vibaya.

Tano: ombeni redio mbili za kuazima kwa siku moja, mjaribu kabla ya kulipa. Andikeni pahali sauti ilikuwa safi, pahali ilikatika, pahali ilikufa. Karatasi hiyo itawasaidia kuliko maneno yote ya muuzaji.

Mkimaliza, kama bado kuna pahali sauti inafika lakini ni dhaifu, hapo ndipo muongeze wati. Na kama mnaona kwamba mwanachama wenu wa kilimani na mwanzi mmoja wanatosha, makuta yatakayobaki yanunue mbegu.

Mtakaofanya jaribio hili, mleteeni afisa wetu wa kilimo daftari lenu akipita. Tutakaa pamoja kuangalia hesabu kabla hamjatoa hata franga moja.